Redio Inayopiga Kelele Peke Yake



Juma hili twapenda kusema nanyi habari ya jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laweza kuonekana dogo: redio ya nyumbani ambayo sauti yake hupanda ghafula, bila mkono wa mtu kuigusa. Baba ameketi akisikiliza habari za jioni kwa sauti ya kiasi. Mara chombo chapiga kelele kama honi ya meli bandarini, watoto wadogo walia, mbwa wa jirani wabweka, na kabla baba hajainuka kitini sauti imekwisha kurudi chini. Wengi wetu hapa Kalemie tumeyaona mambo hayo. Wengine hucheka. Wengine hukipiga chombo kofi. Lakini katika nyumba moja tuijuayo, jambo hilo dogo lilikaribia kumtupa mtoto njiani. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuliandika.

Majina ya watu hao hatutayataja, wala mtaa wao. Wenyewe wametupa ruhusa kusimulia mradi wasitambulike. Ni nyumba ya baba na mama, watoto wao wanne, na mpwa wa baba, mtoto wa kiume wa miaka kumi, ambaye mama yake alifariki. Baba alikuwa amenunua mkononi mwa mtu aliyehama amplifaya ya zamani pamoja na spika mbili kubwa, zile ambazo vijana wa hapa huziita bafle. Akakiweka chombo juu ya rafu iliyopigiliwa ukutani, karibu na mlango, mahali ambapo watoto wadogo hawafiki. Alikipenda sana, na siku za Dominika majirani walikuja kusikiliza nyimbo za kwaya.

Mambo yalianza wakati wa kiangazi. Jioni moja yule mpwa aliingia na ndoo ya maji, na palepale redio ikalia kwa nguvu zote, kisha ikatulia. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu mama alisema kwa mzaha, “Redio yakuogopa, mwanangu.” Siku ya tano hapakuwa na mzaha tena. Jirani mmoja akanong'ona kwamba mtoto aliyefiwa na mama, tena ambaye vyombo hulia akiingia, si mtoto wa kawaida. Halafu usiku mmoja, watu wote wakiwa wamelala na redio ikiwa imesahauliwa wazi, ikapiga kelele saa nane za usiku. Mtoto alikuwa mkekani, amelala fofofo. Wakasema, “Waona? Mwili umelala, lakini roho yake yatembea.”

Tafadhali, msomaji, lishike neno hili, maana ndilo kiini cha maandiko yetu ya leo. Mtoto alipokuwapo, alishtakiwa kwa sababu alikuwapo. Alipolala, alishtakiwa kwa sababu alilala. Mtu aliyekwisha kuhukumu moyoni hawezi kukosa ushahidi: kila kitu kwake ni ushahidi.

Akaitwa mtu mmoja wa maombi. Akadai fedha, akaagiza mtoto afunge kula na kukiri. Mtoto akapelekwa kulala katika jiko la nje, akazuiwa kwenda shule. Na jambo lililotuumiza kuliko yote ni hili: mtoto mwenyewe akaanza kuamini. Alimwambia mwenzake, “Labda ni mimi kweli, maana hata mimi naona: kila nikiingia, inalia.”

Katekista alipoona mtoto haonekani katika mafundisho, alikwenda kuuliza, nasi tukafuatana naye. Baba alitupokea kwa heshima, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Hatukubishana naye juu ya uchawi. Tulimwomba jambo moja tu: atupe siku saba, mtoto arudishwe ndani na apewe chakula, na mwanawe mkubwa aliye shule ya sekondari aandike katika daftari kila mara redio itakapolia: saa ngapi, nani ameingia, ameshika nini, mlango ulikuwaje, umeme ulikuwaje, upepo ulikuwaje. Baba akatikisa kichwa, lakini akakubali kwa ajili ya katekista.

Siku ya nane tulisoma daftari pamoja. Redio ilikuwa imelia mara kumi na moja. Mara tisa mpwa alikuwa akiingia na maji. Mama akatutazama kana kwamba kesi imekwisha. Lakini mara mbili hakuwapo: mara moja alikuwa kwa katekista, na aliyeingia alikuwa binti wa nyumba, mbio, akikimbia mvumo wa vumbi, mara nyingine hapakuingia mtu yeyote, ila dirisha lilipigwa na upepo. Tena mara nyingi mpwa aliingia bila ndoo, na redio haikusema neno. Basi haikuwa habari ya mtoto. Ilikuwa habari ya ndoo, au ya kitu kinachofuatana na ndoo.

Tukamwomba mtoto aingie mikono mitupu. Aliingia, akashika mlango kwa mkono, akaufunga polepole. Kimya. Tukamwomba aingie na ndoo. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika mpini, maji yasimwagike kizingitini. Mlango aliusukuma kwa bega, na upepo wa ziwani ukaufunga nyuma yake kwa kishindo. Ukuta ukatikisika, rafu ikatikisika, na redio ikalia. Ndipo katekista akamgeukia baba, akasema, “Sasa wewe, mzee wangu.” Baba akachukua ndoo, akatoka, akaingia. Mlango ukapiga. Redio ikalia kama vile ilivyolia kwa mtoto. Baba alisimama pale na ndoo mikononi, maji yakimwagikia miguu yake, na kwa muda mrefu hakusema kitu.

Kesho yake tulileta fundi mmoja mzee. Alikichomoa chombo katika umeme, akangoja kidogo, akakifungua, akakigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi ya plastiki, hapa na pale. Hakukawia kuona. Na sasa twaeleza alichokiona, maana wanafunzi wetu hupenda kujua sababu ya mambo.

Kifundo cha sauti cha amplifaya za zamani kina ndani yake utepe wa kaboni, uliopindwa kama duara lisilokamilika. Utepe huo una miguu miwili kwenye ncha zake, na wa tatu ni wa kimkono cha chuma kinachotembea juu ya utepe tuzungushapo kifundo. Katika ncha moja sauti yote huingia. Ncha ya pili imeungwa na ardhi ya chombo, pale ambapo sauti hupotea kuwa kimya. Kimkono kikiwa karibu na ardhi, sauti ni ndogo. Kikiwa karibu na mwingilio, sauti ni kubwa. Kwa hiyo kifundo hakiongezi sauti. Kazi yake ni kugawa, sehemu iende kwenye spika na sehemu ipotee ardhini.

Watu wa Kalemie wataelewa upesi tukiwakumbusha Lukuga. Mto wetu ndio mlango wa kutokea maji ya Ziwa Tanganyika kwenda Lualaba. Cameron alipofika hapa mwaka 1874 aliutambua kuwa ndio mtokeo wa ziwa. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na majani, na ziwa lilikuwa likipanda. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi hicho, na ziwa likashuka. Basi mguu wa ardhi katika kifundo ndio Lukuga ya redio. Ukikatika, sauti haina pa kutokea. Yote hupanda na kumiminika kwenye spika, hata kama kifundo kimezungushwa chini. Katika chombo kile, risasi iliyounga mguu huo ilikuwa imepata ufa mwembamba kama unywele. Kila ukuta ulipotikisika, ufa ulifunguka; ukuta ulipotulia, ulijifunga. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi aliuziba kwa tone moja la risasi, kwa malipo madogo kuliko yale yaliyodaiwa kwa ajili ya kumfukuza pepo.

Lakini si kila redio ipigayo kelele ina ugonjwa huo huo. Kwa faida ya wasomaji twapanga hapa njia ya kutafuta, tukianza na yaliyo mepesi. Kanuni ni moja: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili vitu vitatu pamoja, chombo kikipona, hatajua dawa ilikuwa ipi.

Kwanza, chunguza kipindi chenyewe. Huenda chombo ni kizima, na kelele yatoka kituoni. Matangazo ya biashara mara nyingi hutengenezwa kwa kubana sauti, hata sehemu za chini zikawa karibu sawa na za juu, na sikio huyasikia kuwa makubwa kuliko mchezo uliotangulia. Jambo hili limewasumbua watu wa nchi nyingi. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilitoa njia ya kupima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Na Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ya kuyazuia matangazo ya televisheni yasipite sauti ya vipindi. Ikiwa kelele huja pamoja na tangazo, na kwa jirani pia ni hivyo, usimwite fundi.

Pili, chunguza kinacholeta sauti. Siku hizi vijana hucheza nyimbo kwa simu au kwa flashi. Simu ina kipimo chake cha sauti, na amplifaya ina chake. Ukiweka simu chini na amplifaya juu kabisa, siku simu itakapopanda ghafula, au ujumbe utakapoingia, nyumba nzima itaruka. Afadhali weka simu juu karibu na mwisho, kisha tumia amplifaya kwa kiasi. Ndipo simu haina tena pa kurukia. Kadhalika nyimbo hazikurekodiwa kwa nguvu moja. Ya kwanza yaweza kunong'ona na ya pili kuvuma.

Tatu, chunguza rimoti. Kitufe kilichoingia uchafu au sukari hukwama, nacho huendelea kuamuru sauti ipande. Toa betri zake siku moja au mbili. Kelele ikikoma, mkosaji amepatikana.

Nne, chunguza umeme. Umeme wa mji wetu hutoka mbali, Bendera, ambako maji ya mto Kyimbi huzungusha mitambo. Umeme ukikatika na kurudi, vyombo vingine husahau sauti mliyoweka, huamka na sauti waliyozaliwa nayo. Dawa yake ni kukizima chombo umeme unapokatika, na kungoja utulie urudipo. Lakini ikiwa taa nazo zawaka mno kuliko desturi, na feni yakimbia kama kichaa, hilo si jambo la redio. Huenda waya wa kati wa mtaa umekatika, na badala ya volti 220 mwapata nyingi zaidi, hata kukaribia 380. Zimeni swichi kuu mara moja, mwite fundi wa umeme.

Tano, chunguza nyaya za nje. Tikisa polepole kila waya unaoingia katika chombo, mmoja mmoja, sauti ikiwa chini. Waya ambao ukiguswa huleta mkwaruzo au mngurumo ndio wa kubadilishwa.

Sita, chunguza kifundo chenyewe. Kama kina mwanzo na mwisho, na chakwaruza kikizungushwa, utepe wake wa kaboni umechafuka au umelika. Kama chazunguka bila kikomo, basi ni cha namna ya kisasa, ambacho hakigawi sauti bali huhesabu hatua. Vumbi likiingia huhesabu vibaya, na sauti huruka juu au chini. Vyote viwili husafishwa kwa dawa maalumu ya kusafishia vyombo vya umeme. Msitumie petroli, wala mafuta ya taa, wala mawese. Tumeyaona yote matatu, na hatukuona chombo kilichopona.

Saba, chombo kikianza kulia baada ya kupata moto, au kikitikiswa, ugonjwa umo ndani: risasi imepasuka, au sehemu fulani imechoka. Hapo mwiteni fundi. Wanafunzi, sikilizeni vizuri: msifungue chombo kilichochomekwa, wala msidhani kwamba kikichomolewa umeme wote umetoka. Ndani mna kapasita ziwezazo kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa, na redio za kale za taa zilitumia mamia ya volti. Udadisi ni kipaji cha Mungu, lakini mkono uliochomeka hauandiki tena.

Tusisahau masikio. Maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60, na kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huzidi mara kumi. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 kwa juma bila hatari, lakini ya desibeli 100 dakika 20 tu. Basi msimlaze mtoto mchanga mbele ya bafle, hata kama sauti ni ndogo; haijulikani saa ambayo ufa utafunguka. Vilevile, wakati chombo ni kigonjwa, msikitumie, maana mrindimo mmoja waweza kuunguza spika.

Na sasa neno la mwisho, lililo zito kuliko redio zote. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshtaki kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, yamwekea adhabu ya kifungo anayemsingizia mtoto uchawi. Lakini hata kama sheria hizo zisingalikuwapo, Mkristo anayo Injili. Mtakumbuka kisa cha yule aliyezaliwa kipofu, katika Yohane sura ya tisa. Wanafunzi waliuliza ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake. Na Bwana akaikataa hesabu hiyo yote. Hakutafuta wa kulaumiwa. Alimfungua macho.

Angalieni tena ni nani hushtakiwa. Binti wa nyumba alipoingia mbio na redio ikalia, hakuna aliyemtilia shaka, maana ana mama. Yatima hadeki, wasema wahenga. Sisi twaongeza kwamba yatima hana pia wakili. Wakili wake ni wewe, msomaji, pamoja na daftari la senti chache na subira ya siku saba.

Papa Pius XI alipofungua Redio ya Vatikani tarehe 12 Februari 1931, iliyojengwa na Marconi, Kanisa lilionyesha kwamba haliogopi chombo hiki. Na tarehe 12 Januari 1951 Papa Pius XII alimweka Malaika Mkuu Gabrieli kuwa msimamizi wa mawasiliano ya mbali, yaani redio na simu. Gabrieli alileta habari iliyo kuu kuliko zote katika nyumba ya binti maskini wa Nazareti, na neno lake la kwanza lilikuwa la salamu, tena alimwambia asiogope.

Yule mpwa amerudi shuleni. Mjomba wake hakumwomba radhi kwa maneno mengi. Si desturi ya wanaume wa hapa. Lakini Jumamosi iliyofuata alipiga kipande cha mpira wa tairi kuu kuu katika fremu ya mlango, usibamize tena, na aliyemshikia misumari alikuwa mtoto yule. Tulipopita jioni tulisikia nyimbo za kwaya, kwa sauti ya kiasi. Mtoto alitoka kutusalimu, kisha akaingia ndani na ndoo yake. Mlango ulijifunga nyuma yake bila kishindo, na nyimbo ziliendelea.

Hadi juma lijalo, Mungu azilinde nyumba zenu.